Je, kupiga gunia la mchanga kunaongeza uzito wa ngumi?

Swali limetoka kwa kijana wa miaka 20 wa Ujiji, mkoani Kigoma, anayechanganya mazoezi ya ngumi na karate. Anaeleza kwamba kwa karibu mwaka mzima amekuwa akipiga, bila glovu wala bandeji, gunia lililojazwa mchanga wa ziwani, na siku nyingine shina la mwembe alilolizungushia kamba ya katani, kisha huloweka mikono katika maji ya chumvi. Sugu zimeota juu ya vifundo vya vidole, maumivu yamepungua sana, na wenzake wa mazoezini wanakiri kwamba ngumi yake imekuwa nzito kuliko zamani. Anataka kujua kama kukomaza mikono ndiko kulikompa uzito huo, na kama awaanzishie zoezi hilo hilo wadogo zake wawili, ambao mkubwa wao ana miaka 13.

Ndugu yangu, kukomaza mkono hakuzalishi nguvu hata kidogo, lakini mkono dhaifu unaweza kuipoteza nguvu iliyokwisha kuzalishwa mahali pengine mwilini. Kwa hiyo wenzako hawakudanganyi wanaposema kwamba ngumi yako imeongezeka uzito. Mnachokosea, wao na wewe, ni chanzo chake. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu ukikielewa chanzo utajua pia kipi cha kuendelea nacho na kipi cha kuacha kabla hakijakuharibia vidole.

Ngumi huanzia chini. Unyayo wa nyuma husukuma ardhi, kisigino kikageuka, nyonga ikazunguka, kiwiliwili kikafuata, bega likasukumwa mbele, na mkono ukawa wa mwisho kupokea kile kilichokusanywa na sehemu zote hizo. Watafiti wa Kisovieti waliowapima mabondia wapatao 120 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1985 walikuta kwamba kwa mabondia wa daraja la juu miguu ilichangia takriban asilimia 38 ya nguvu ya ngumi ya kunyooka, kiwiliwili asilimia 37, na mkono wenyewe asilimia 24 tu. Kwa mabondia wa daraja la chini hesabu iligeuka: mkono ulibeba karibu asilimia 38, na miguu asilimia 16 au 17. Kipimo kingine kilichofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2000 kilionyesha kwamba ngumi ya mkono wa nyuma ya bondia bora hufikia wastani wa nyutoni (kipimo cha nguvu) 4,800, huku ya anayeanza ikiishia karibu nyutoni 2,400, yaani nusu yake. Mtu hawezi kuitafuta nusu hiyo iliyopotea juu ya ngozi ya vifundo vyake. Iko miguuni na kiunoni.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, shuka pale Kibirizi asubuhi mitumbwi ya dagaa inapoingia. Wale wanaovuta kamba na nyavu usiku kucha wana viganja vigumu kama ubao na mikono ya mbele minene, mikono iliyokomaa kwa maana kamili ya neno hilo. Hata hivyo, mvuvi wa namna hiyo anapovaa glovu kwa mara ya kwanza hupiga kwa mkono mtupu, visigino vimeganda chini na nyonga zimetulia, na ngumi yake hufika kwenye begi ikiwa imechoka. Mpe miezi michache ya kufundishwa kugeuza kisigino na nyonga, naye atakuwa mtu wa kuogopwa, ingawa viganja vyake vitakuwa ni vilevile.

Sasa tuje kwenye ule upande ambao mkono una neno la kusema. Mwaka 1985 bondia wa uzito wa juu wa Uingereza, Frank Bruno, alipimwa kwa vyombo, na ngumi yake ilifikia kilele cha zaidi ya nyutoni 4,000, ambazo ni sawa na kubandikwa mzigo wa kilo 400 hivi, ndani ya sehemu 14 za sekunde iliyogawanywa mara elfu moja. Muda huo ni mfupi kuliko muda ambao ubongo unahitaji kutambua kwamba kifundo cha mkono kimeanza kupinda na kuiamuru misuli ikikaze. Maana yake ni kwamba kifundo, kiwiko na bega lazima viwe vimekazwa kabla tu ya ngumi kugusa, na vikae katika mstari mmoja na mifupa ya vidole viwili vya kwanza, yaani kidole cha shahada na cha kati. Vikikaa hivyo, uzito wa bega na wa sehemu ya kiwiliwili huwa nyuma ya pigo. Kifundo kikilegea, kinachompata mpinzani ni uzito wa kiganja peke yake na mengine yote huishia kupindika, kama nyundo yenye mpini unaocheza. Hapa ndipo penye ukweli wa kukomaza mikono. Mazoezi yanayoimarisha kifundo cha mkono, misuli ya mkono wa mbele na kano zinazoshika mifupa midogo ya kiganja husaidia nguvu uliyonayo ifike, na mwaka wako wa kupiga kitu kizito yawezekana kabisa ulikupa sehemu ya uimara huo, hata kama si kwa njia niliyoipenda.

Lipo pia jambo la hofu, nalo ndilo ninaloamini wenzako wameliona zaidi. Mtu anayepiga kitu kigumu kwa mkono usio na kinga hujizuia bila kujua, kwa kuwa mwili hupunguza kasi ya mkono katika sentimita za mwisho ili kuuokoa usiumie. Ngozi inapoota sugu na mishipa ya fahamu inapoyazoea maumivu, kizuizi hicho hulegea na mkono unaachiwa. Unahisi umepata nguvu mpya, kumbe ni ile ya zamani iliyokuwa imefungiwa breki. Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe. Funga bandeji, vaa glovu nzito, upige begi laini, na umwombe mwenzako wa uzito wako ambaye hajawahi kugusa gunia la mchanga afanye vilevile. Ikiwa mnafundishwa na mwalimu mmoja kwa muda ule ule, sidhani kama mtu anayesikiliza akiwa amefumba macho atatambua ni ipi ngumi ya nani. Wapiganaji wenye glovu hawamfikishii mpinzani ugumu wa ngozi yao kwa vyovyote. Bondia Hassan Mwakinyo wa Tanga alipomshinda Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham mwezi Septemba 2018, kila kilichomfikia Eggington kilipitia ndani ya bandeji na mjazo wa glovu.

Utaniuliza, basi vifundo vigumu vina ubaya gani, hata kama havizidishi nguvu? Ubaya uko katika kile kinachofanyika chini ya sugu. Mkono una mifupa 27, mingi yake midogo na myembamba, na kila tishu ya mkono huupokea mgongano kwa namna yake. Ngozi huzoea haraka, ndani ya wiki kadhaa. Mfupa nao huzoea, kama alivyoeleza daktari wa upasuaji wa Ujerumani Julius Wolff mwaka 1892, kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Lakini ujenzi huo huanza kwa kubomoa tishu iliyochoka ndipo mpya ijazwe, na mzunguko mmoja huchukua miezi mitatu, minne au zaidi. Anayepiga kitu kigumu kila siku hupiga mfupa ambao bado uko katikati ya matengenezo. Gegedu, ile tabaka nyororo inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, haina mishipa ya damu wala ya fahamu, kwa hiyo haiumi inapochakaa na haijirekebishi vizuri ikishachakaa. Ndiyo maana sikufurahi sana niliposoma kwamba maumivu yako yamepungua. Huenda mkono umeimarika, au huenda sehemu iliyokuwa ikikuonya imezimwa, na kwa mwenye mkono dalili hizi mbili hufanana kabisa.

Lipo pia suala la kano. Juu ya kila kifundo cha kidole hupita kano inayonyoosha kidole, nayo hushikwa katikati na utando mwembamba pande zote mbili. Kunja ngumi taratibu ukitazama kifundo cha kidole cha kati: kano ile inatakiwa kubaki juu ya mfupa katikati. Ikiwa inateleza upande mmoja na kurudi unaponyoosha, au ukigusa kwa kidole unahisi kishimo pale ambapo palikuwa na ukamba, utando umechanika. Jeraha hili ni maarufu kwa mabondia, haliponi kwa kuchua, na mara nyingi huhitaji mkono ufungwe au ufanyiwe upasuaji. Sugu nene hulificha, kwa sababu kila uvimbe juu ya kifundo huhesabiwa kuwa ni ukomavu.

Kuhusu maji ya chumvi sina mengi. Yanakausha ngozi na kuikaza kidogo, na wapiganaji wa ngumi tupu wa zamani huko Uingereza na Marekani nao walikuwa wakiloweka mikono hivyo. Hayafiki kwenye mfupa wala kwenye kano, na ngozi ikikauka kupita kiasi hupasuka.

Kwa upande wa karate, najua walimu wako watakutajia makiwara, nao wana haki ya kuitaja. Makiwara ni ubao wa kusimama uliochimbiwa chini na kufungwa majani au kamba juu, chombo cha mazoezi kilichotoka Okinawa pamoja na sanaa yenyewe, ambayo mwalimu wa karate Gichin Funakoshi aliionyesha Tokyo mwaka 1922. Makiwara iliyotengenezwa vizuri hunesa. Unapoipiga inarudi nyuma sentimita kadhaa, na kadiri unavyoisukuma ndivyo inavyozidi kukukatalia, hivyo inakulazimisha kunyoosha kifundo cha mkono, kukaza kwapa na kusukuma kwa miguu hadi mwisho wa pigo. Ni mwalimu wa mpangilio wa mwili. Mwembe wa Ujiji haunesi hata milimita moja, na kamba ya katani uliyoufungia imeuongezea ukwaruzo tu. Haki itendeke pia kwa wazee wa karate: uchunguzi wa walimu wa karate uliochapishwa Uingereza mwaka 1985 haukuona kwamba mazoezi yao yaliwaletea yabisi ya viungo vya mikono mapema kuliko kawaida. Lakini hao walikuwa walimu waliopanda ngazi polepole chini ya usimamizi, na waliovunjika vidole mwaka wa kwanza wakaacha hawakuwa na nafasi ya kufika katika uchunguzi wa walimu.

Historia ya ngumi yenyewe inaonyesha mkono ulivyo dhaifu mbele ya kichwa cha binadamu. Kanuni zilizolazimisha glovu, zinazobeba jina la Marquess wa Queensberry, zilichapishwa mwaka 1867, na pambano la mwisho kubwa la uzito wa juu kwa ngumi tupu, kati ya John L. Sullivan na Jake Kilrain, lilipiganwa Marekani mwaka 1889 kwa raundi 75. Raundi nyingi kiasi hicho ziliwezekana kwa sababu raundi ilikwisha mtu alipoanguka, na pia kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpiga mwenzake kichwani kwa nguvu zote mara kwa mara. Mkono ungekwisha kabla ya mpinzani. Mwezi Agosti 1988 Mike Tyson, akiwa bingwa wa dunia na mmoja wa wapigaji wazito kuliko wote, aligombana usiku na bondia mwenzake Mitch Green huko Harlem, New York, akampiga bila glovu wala bandeji, na akavunjika mfupa wa mkono wa kulia. Kama kungekuwa na ukomavu wa kutosha kuulinda mkono mtupu, nadhani yeye angekuwa nao.

Kwa hiyo gunia lako nalitaka libadilishwe kabla ya kitu kingine chochote. Mchanga wa ziwani hushuka chini na kugandamana, hasa miezi ya mvua unapovuta unyevu, na baada ya wiki chache theluthi ya chini ya gunia huwa jiwe. Umwage. Jaza nguo kuukuu zilizokatwakatwa, pamoja na nyavu chakavu za dagaa ambazo pale mwaloni hutupwa bure. Zishindilie kwa tabaka, ukizizungusha ili katikati pasibaki tundu, mpaka gunia lifike kilo 30 hadi 40, kisha ulitundike kwenye boriti ili liweze kucheza. Likipigwa linatakiwa kubonyea kiasi cha kiganja kuingia kidogo, na sauti yake iwe nzito na fupi. Ukisikia mlio mkavu, kuna sehemu imeshikana, lishushe ulipange upya.

Bandeji si lazima ununue. Shuka ya pamba iliyochakaa, ikichanwa kwa upana wa sentimita 5 na urefu wa mita 4 na nusu, inatosha. Anza kwa kitanzi kwenye dole gumba, zungusha kifundo cha mkono mara tatu, panda mgongoni mwa kiganja hadi kwenye vifundo ukiwa umetanua vidole, zungusha hapo mara tatu, pitisha kati ya vidole ukipenda, rudi kufunga dole gumba, na umalizie kwenye kifundo cha mkono. Watu wengi hufunga wakiwa wamekunja ngumi, nao hushangaa bandeji inapolegea. Ukifunga vidole vikiwa wazi, ngumi inapokunjwa ndipo bandeji hujikaza yenyewe. Kucha zikibadilika rangi au vidole vikifa ganzi, umekaza mno.

Mchanga ulioumwaga usiutupe wote. Weka sehemu yake, ikiwa kavu kabisa, ndani ya ndoo, zamisha mkono hadi kwenye kifundo, na ufungue na kufunga vidole dhidi ya uzito wake mpaka mkono wa mbele uwake moto. Hilo ndilo zoezi la kukomaza mikono ninaloliunga mkono bila masharti, pamoja na kukamua taulo lililolowa kwa kulizungusha pande zote mbili, na pushapu za ngumi juu ya kitambaa kilichokunjwa, uzito ukiwa juu ya vifundo viwili vya kwanza na kifundo cha mkono kikiwa wima bila kuyumba. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, kwa sababu kano huimarika polepole kuliko misuli, na misuli inayojiona tayari ndiyo huzitia kano matatani.

Muda utakaobaki, na utakuwa mwingi, upeleke miguuni. Kigoma imekupa mlima bure: kimbia kwa vipindi vifupi vya kasi kutoka usawa wa ziwa kupanda kuelekea Mwanga, kisha ushuke ukitembea. Ongeza skwati, kuruka juu kutoka hali ya kuchuchumaa, na kurusha mfuko mdogo wa kilo 3 hadi 5 ukutani kwa kuzungusha nyonga, mikono ikifuata tu. Kwenye begi, piga polepole mbele ya mtu anayetazama kisigino chako cha nyuma; kisipogeuka, pigo hilo halihesabiwi. Baada ya miezi mitatu ya kazi hii ndipo uniambie kuhusu uzito wa ngumi.

Kuhusu wadogo zako, jibu langu ni hapana, na halina masharti. Mtoto wa miaka 13 bado ana sehemu laini za ukuaji kwenye mifupa ya vidole na kiganja, ambazo kwa kawaida hufunga kati ya miaka 14 na 17, kwa wasichana mapema kuliko wavulana. Zikijeruhiwa kabla ya kufunga, kidole kinaweza kukua kikiwa kifupi au kimepinda. Wafundishe kusimama, kuruka kamba, kukwepa, na kupiga padi laini wakiwa wamevaa bandeji na glovu, wala wasikuone ukipiga mwembe, maana kijana wa umri huo hufuata anachokiona kuliko anachoambiwa.

Kabla hujarudi mazoezini, naomba uukague mkono wako. Kunja vidole taratibu na utazame kucha: ncha zote zinatakiwa zielekee upande mmoja, chini ya dole gumba. Kidole kidogo kikipita chini ya jirani yake, au kifundo chake kikiwa kimezama ukilinganisha na cha mkono wa pili, kuna uwezekano kwamba mfupa ulivunjika na ukaunga vibaya, na picha ya eksirei pale hospitali ya Maweni itatoa jibu. Mvunjiko mpya ukifungwa mapema, kwa kawaida huunga ndani ya wiki nne hadi sita. Usimruhusu mtu auvute au auchue kwanza. Na siku ukipata kidonda juu ya kifundo kwa kugonga meno ya mtu, hata kiwe kidogo kama tundu la sindano, nenda hospitali siku ile ile, kwa sababu jino hupenya hadi ndani ya kiungo, ngozi hurudi na kufunika, na vijidudu vya mdomoni vinaweza kukiharibu kiungo ndani ya siku chache.